Mstari wa Nne

Zdravka Terzieva alikuwa na miaka hamsini na minne, na kwa ishirini na miwili kati ya hiyo alilisha seli za ini katika maabara yetu ya Plovdiv. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Alifyonza maji ya zamani, akatia mapya, akazirudisha kwenye kabati la joto. Hakuzipenda wala hakuzichukia.

Msimu ule wa kuchoma pilipili hoho, wakaguzi wa kazi walituletea gundi ya kiwanda kimoja cha viatu. Humo ndimo mdogo wake, Ginka, alimopaka soli kwa miaka kumi na mitano. Ini la Ginka lilikuwa limeanza kuharibika. Daktari wa kiwanda alisema ni rakia, ile pombe kali ya matunda, na Ginka hanywi. Kama ingethibitika ni gundi, angehamishiwa kwenye cherehani.

Gundi ilikuwa na viyeyusho vitatu. Zdravka alijaribu kimoja kimoja, kwa kiwango kile kile kilichopimwa kiwandani. Seli hazikudhurika. Akachanganya vyote vitatu, akaweka kando yake seli zisizopewa kitu, kwenye trei moja. Kesho yake zote zilikuwa zimekufa.

“Hata zile ambazo hukuzigusa!” Daktari Kalchev, mkuu wetu, alicheka. “Dada Zdravka, umemaliza kijiji kizima.”

“Nilizifunika kwa kifuniko kimoja. Mvuke umehama.”

“Miaka ishirini na miwili, dada yangu!”

“Najua nilianza lini.”

Alirudia kwa vichupa vya kioo, kila kimoja na kizibo chake. Safari hii zisizoguswa ziliishi. Za kiyeyusho kimoja kimoja ziliishi. Za mchanganyiko, zaidi ya nusu zilikufa. Akarudia mara ya tatu, ikawa vile vile.

Fomu ya wakaguzi ilikuwa na mistari mitatu, kila kiyeyusho na mstari wake. Zdravka alichukua rula akachora wa nne, wa mchanganyiko.

“Hawatausoma huo,” Kalchev alisema, lakini akatia sahihi.

Jibu lilikuja baada ya wiki tano: viwango vyote vitatu havizidi vinavyoruhusiwa. Mstari wa nne haukutajwa.

Jumamosi alikwenda kwa Ginka. Walikaa uani wakimenya pilipili za mwisho zilizochomwa, vidole vyeusi kwa masizi.

“Zimekufa,” Zdravka alisema.

“Zangu au za chupa?”

“Za chupa. Zaidi ya nusu.”

“Hee. Na zilikuwa hazinywi rakia.” Ginka alitupa ganda ndooni. “Wakaguzi je?”

“Wanasema kila kimoja hakina neno.”

“Na msimamizi atasema hivyo hivyo. Haya, dada, wewe ndiye msomi. Jumatatu nikifika kwenye meza ya gundi, nikatae kipi katika hivyo vitatu?”

Zdravka alifikiri, kwa sababu aliulizwa.

“Hakuna,” alisema.

“Basi,” Ginka alisema, akamsogezea pilipili nyingine.