Jino la Mbele la Verlene Stubblefield

Verlene Stubblefield ana miaka hamsini na minane. Msimu wa mavuno huendesha lori la mpunga, na huku kwetu mashariki mwa Arkansas hakuna mwanamke anayeita bata mwitu kama yeye. Filimbi yake ya mti, inayoiga sauti ya bata, huibana kwa meno mawili ya mbele, pumzi ikipanda kutoka tumboni, na bata walioko juu kabisa hugeuka kuja kumsikiliza. Wengine hutumia midomo tu. Yeye alijifunza hivyo utotoni na hajui njia nyingine.

Ndiyo maana jino moja kati ya hayo mawili lilipoanza kumuuma mwezi Oktoba, aliomba miadi kwa daktari wa meno upesi sana. Siku mbili kabla ya miadi, maumivu yakakoma yenyewe. Verlene akapiga simu kufuta miadi, kisha kwa furaha akaoka pai mbili za njugu za pekani.

Wiki tatu baadaye kikatokea kipele kwenye ufizi, juu ya jino lilelile. Mashindano ya kuita bata yalikuwa Jumamosi.

"Ling'oe tu, dada," alisema kaka yake, Delbert, akimalizia kipande cha nyama jikoni kwa Verlene. "Mimi walinitibu mzizi wa jino mwaka ule, nikalia kama ndama."

"Wewe hulia hata ukinyolewa. Na nikiling'oa, filimbi nitaibana kwa kitu gani? Kwa ulimi?"

Jumanne asubuhi alikuwa kwenye kiti cha Daktari Pham, filimbi ikining'inia shingoni.

"Daktari, niambie kitu kimoja tu. Jumamosi nitapuliza?"

Daktari alitazama picha ya jino kwa makini. "Utapuliza, Bi Verlene. Lakini kwa nini ulifuta miadi?"

"Si liliacha kuuma?"

"Liliacha kwa sababu neva ya ndani ilikufa. Aliyekufa atalalamikaje? Ila wadudu waliomuua bado wamo, na hicho kipele ni usaha unaotafuta mlango. Ungengoja zaidi, ungeweza kulipoteza jino lenyewe."

Daktari akamweleza kwamba angetoboa tundu dogo nyuma ya jino, atoe kilichooza, asafishe mfereji wa mzizi, aweke dawa na kuziba kwa muda. Baada ya wiki mbili angerudi kumaliziwa, hata kama hasikii maumivu yoyote.

"Kaka yangu alilia kama ndama."

"Alikwenda kutibiwa akiwa katika hali gani?"

"Shavu limevimba kama boga."

"Basi alililia boga," alisema daktari. "Wewe nitakuchoma sindano ya ganzi, utasikia nikikusukumasukuma tu. Ganzi ikiisha, jino litauma kidogo ukiligusa, siku mbili tatu hivi. Vidonge vya kawaida vinatosha. Likizidi kuuma au uso ukivimba, nipigie. Using'ate kitu kigumu kwa jino hilo. Na usipulize chochote mpaka ganzi iishe!"

Ilichukua saa moja na ushei. Verlene nusura asinzie.

Alipoingia garini, kabla mumewe Orval hajawasha injini, alikwisha kutia filimbi mdomoni. Ikatoka sauti ya tairi lenye pancha, na mate yakamchuruzika hadi kidevuni. Alirudi kliniki mbio.

"Dakitari! Thauti yangu imekwitha!"

Watu waliokuwa wakisubiri waliangua kicheko. Daktari Pham alichungulia mlangoni. "Nilikwambia nini, Bi Verlene? Nenda nyumbani. Saa nne zijazo usile, usipulize, usijing'ate mdomo."

Alasiri midomo ilirudi kuwa yake, na sauti pia.

Jumamosi alipanda jukwaani akiwa wa kumi na mmoja. Kwenye mwito mrefu wa kwanza jino lilimchoma kidogo, akalegeza meno, akaongeza pumzi. Majaji, waliokaa nyuma ya pazia wasimwone anayepuliza, walimpa nafasi ya tatu.

Delbert alimlaki chini ya ngazi. "Wa tatu? Ungeling'oa, ungekuwa wa kwanza!"

"Ningeling'oa, kaka, ningekuwa nimekaa hapo na wewe, napigia wenzangu makofi."