Dada Yangu Alipoitwa Sista

Mwezi uliopita nilishuka basi stendi ya Mbinga, mkoba begani, mgongo umekakamaa kwa safari ya kutoka Songea, na kijana wa bodaboda akanipokea kwa sauti kubwa: "Sista! Litembo, Sista? Panda twende!" Niligeuka kumtafuta huyo sista ili nimpishe. Nyuma yangu alikuwepo mbuzi tu. Mimi nina miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, na bado ilinichukua muda kuelewa kwamba anayeitwa ni mimi. Nikacheka, naye akauliza nacheka nini. Nilimwambia nimemkumbuka dada yangu, nikapanda.

Wewe uliyekulia milimani kwetu utanielewa. Zamani zile neno hilo halikutajwa ovyo stendi. Sista alikuwa mtawa, basi. Masista wa hospitali ya Litembo walipita kwenye njia yetu ya miguu wakiwa na shela nyeupe na mabuti ya mvua, na sisi watoto tuliokuwa na mizigo ya kuni vichwani tulitoka njiani, tukasimama kwenye majani yenye umande mpaka wapite. Wakishapita hewa ilibaki na harufu ya sabuni. Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, lakini katikati ya Kimatengo chake lilikaa neno "sista" bila kubadilika, na aliamini kwamba ni neno la Kilatini, la misani. Hakuna aliyembishia.

Kwa hiyo dada yangu mkubwa alipokubaliwa kwenda utawani, nyumba yetu ilipanda cheo siku ile ile. Baba alichinja mbuzi, akakaribisha kitongoji kizima. Tangu siku hiyo mama hakuitwa tena kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama wanawake wengine. Aliitwa Mama Sista. Baba, ambaye miaka yote alisali karibu na mlango kwa sababu ya viatu vyake vibovu, alihamia benchi la pili kutoka mbele, viatu vikiwa vile vile. Jioni akizungusha mashine ya kumenya kahawa alikuwa anaimba nyimbo za kanisani, na mkono wake ulikuwa na nguvu mpya.

Nilikuwa darasa la tano mwalimu wa Kiingereza alipoandika ubaoni neno *sister*, akalisoma, akasema maana yake ni dada. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, hapo umekosea. Sista siyo dada. Sista ni sista."

Darasa likasubiri fimbo. Mwalimu alikuwa mtu mpole, mgeni kutoka mikoa ya kaskazini, akaweka chaki mezani. "Unajuaje?"

"Nina dada, na dada yangu ni sista. Ni vitu viwili."

Alicheka mpaka akakaa. Kisha akatueleza kwamba Waingereza walianza na dada wa tumbo moja. Wanawake walioacha nyumba zao wakaishi pamoja kwa ajili ya Mungu nao wakaitana hivyo, kwa sababu walitaka kuwa ndugu. "Neno ni lile lile," alisema, "limehama nyumba tu." Akaandika sentensi kwa ajili yangu, nami nikaisoma mbele ya wote: *My sister is a sister.* Walinipigia makofi. Nilikwenda nyumbani nikiirudia njia nzima.

Mwaka uliofuata, wakati wa kuvuna kahawa, tulikuwa kwenye kichanja tukichambua punje mbovu, mimi, mama na bibi. Baba alikuwa anatengeneza mguu wa kichanja uliolegea. Mtu akaonekana akipanda kilima, amevaa gauni la kitenge, sanduku la bati kichwani. Mama ndiye aliyemtambua kwanza. Hakukimbia kumpokea. Aliendelea kuchambua, lakini niliona anatupa punje nzuri pamoja na mbovu.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama. Nimerudi."

Baba hakuitikia. Alimtazama kichwani, mahali ilipopaswa kuwa shela, akachukua jembe na kushuka kwenye ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia yanayofunika kilima chote. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Hakukuwa na kazi huko.

"Wamekufukuza?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Kabla ya nadhiri Mama Mkuu aliniuliza mara tatu: ni wewe unataka, au ni baba yako? Mara ya kwanza na ya pili nilisema ni mimi. Mara ya tatu tulikuwa kanisani, nikashindwa kusema uongo."

Bibi akasogea kwenye mkeka. "Kaa, mwanangu, ule," akasema kwa Kimatengo. Kulikuwa na ugali wa mchana na maharage. Dada alikula huku machozi yakimtiririka, na alikula vizuri, kwa sababu alikuwa ametembea tangu alfajiri.

Baba hakumpiga wala kumtukana. Ingekuwa afadhali. Alinyamaza tu. Akitaka chumvi na dada ndiye aliye karibu nayo, aliniomba mimi niliyekaa mbali. Kanisani alirudi karibu na mlango. Wanawake kisimani walimwita mama "Mama Si..." halafu wakakatisha na kujikohoza. Na shuleni tulikuwa tumefika kwenye wakati uliopita. Mwalimu aliomba sentensi yenye *was*, na msichana mmoja aliyekaa nyuma yangu akasimama: *Her sister was a sister.* Darasa lilivunjika mbavu kwa kicheko. Mwalimu alishaanza kusema sarufi ni sahihi, akaona uso wangu, akafuta ubao wote na kututoa nje kabla ya kengele.

Aliyemwokoa dada ni shangazi. Huyu alikuwa ameolewa kwa Wanyasa, chini kwenye Ziwa Nyasa, na alikuwa mtu pekee aliyeweza kumfokea baba. Alikuja kutusalimia, akaona ule ukimya siku mbili, siku ya tatu akasema, "Huyu nakwenda naye kwangu. Wewe kaa na hasira yako, uipalilie." Wakaondoka na sanduku la bati.

Habari zilifika kidogo kidogo. Kwanza tulisikia kwamba anafagia zahanati ya kijijini kwa shangazi. Halafu tukasikia anaosha vidonda, na mganga amempenda kwa sababu hachukizwi na harufu. Baadaye tukaambiwa amepelekwa kozi ya miezi sita ya uuguzi msaidizi na amerudi pale pale. Mama alipokea habari hizo kwa kunong'ona. Mbele ya baba hazikusemwa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba baba aliponichukua tushuke ziwani. Tulikuwa na magunia ya maharage ya kubadilishana na usipa, wale dagaa wa ziwani, tukakaa juu ya magunia kwenye lori. Ile barabara ilikuwa ya udongo na inazunguka hata tumbo linasahau lilipokuwa. Tulitoka kwenye ukungu na masweta. Kila kona tulivua kitu. Ziwa lilipoonekana, bluu mpaka milima ya ng'ambo, nilikuwa natokwa jasho kwa mara ya kwanza maishani bila kushika jembe. Harufu ya usipa walioanikwa kwenye vichanja ilitupokea kabla ya watu.

Sokoni baba aliketi juu ya gunia. "Nenda ukamsalimie dada yako. Mimi nina kazi hapa."

Zahanati ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, na nje benchi refu limejaa akina mama na watoto. Niliuliza dada yangu yuko wapi, nikataja jina lake la ubatizo. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Anamtaka Sista," na mwingine akaita kwa nguvu, "Sista! Una mgeni!"

Nilidhani amewadanganya. Alipotoka na gauni lake jeupe na kofia ndogo ya wauguzi, akanikumbatia, jambo la kwanza nililomwambia sikioni ni hilo: "Dada, kwa nini hukuwaambia kuwa wewe siyo sista?"

"Niliwaambia," alisema. "Niliwaambia mwezi mzima. Wakajibu, sawa Sista, tumesikia."

Huko ziwani, kumbe, kila mwanamke mwenye gauni jeupe na dawa mkononi alikuwa sista. Hawakuhitaji shela. Dada aliuliza baba yuko wapi, nami nikasema yuko sokoni, nikatazama chini. Hakuuliza zaidi. Alinipeleka kwa shangazi, akafunga ugali wa muhogo na kipande cha samaki mbasa kwenye jani la mgomba. "Mpelekee. Usiseme ugali umetoka kwangu asipouliza."

Nilimkuta baba akipanga maharage kwenye vipimo. Kabla hajafungua chakula, mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja, akapiga magoti mchangani mbele yake.

"Shikamoo, Baba Sista. Nimeambiwa ndiye wewe."

"Marahaba," baba alisema. "Lakini mimi sina mtoto sista."

Mwanamke akamshusha mtoto, akamsimamisha. Alikuwa wa miaka miwili hivi, mnene, ananyonya kidole. "Huyu aliletwa na mtumbwi, macho yamegeuka kwa homa. Mganga alikuwa amesafiri. Binti yako alikaa naye kutwa na kucha mpaka alipoomba maji. Sasa kama hana baba, niambie nimshukuru nani."

Baba alimtazama mtoto. Mwanamke aliweka kapu la usipa miguuni pake, akaondoka bila kutaka hata punje ya maharage. Baba alikula ugali wake wote, akanawa mikono, akanikabidhi magunia niyalinde, akaondoka akichechemea. Kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino tangu asubuhi.

Yaliyotokea zahanati niliyapata kwa dada mwenyewe. Alikuwa ndani, anaita wagonjwa mmoja mmoja. Alipochungulia dirishani alimwona baba kwenye benchi, mtu wa mwisho, kofia mkononi. Alitaka kutoka mbio. Lakini wale akina mama walikuwa wametangulia, na baba alikuwa amekaa kama mtu anayejua amekuta foleni. Basi akaendelea na kazi yake. Kila mama aliyetoka, baba alisogea nafasi moja.

"Anayefuata!"

Baba aliingia, akavua kofia ambayo alikuwa ameshaivaa tena.

"Shikamoo baba. Una shida gani?"

"Marahaba. Mguu."

Dada alipiga magoti, akamvua kiatu, akaosha kidonda kwa maji ya moto na dawa. Akaanza kufunga bandeji. Ndipo baba akauliza, "Unakula vizuri huku?"

"Nakula, baba."

"Samaki wao hawana mafuta. Nitakuletea maharage."

Na alileta, kila mwaka, mpaka magoti yalipomkatalia lori. Hilo ndilo lililokuwa neno la kuombana radhi baina yao. Mimi sikusikia lingine.

Nimekuwa mwalimu wa Kiingereza kwa miaka karibu thelathini, na nimelifuatilia neno hilo vitabuni. Hata Waingereza hawakulizaa kama lilivyo leo. Walikuwa na lao la zamani, wakaja watu wa kaskazini mwa Ulaya kwa mashua, wakakaa, na namna yao ya kulitamka ikashinda. Hospitali zao ziliachwa na watawa lakini jina likamng'ang'ania muuguzi anayesimamia wodi, kama lilivyomng'ang'ania dada kule ziwani. Hapa kwetu limetembea zaidi. Mwenye hereni kubwa na simu mkononi ni sista duu. Mteja wa bodaboda ni sista. Sina ugomvi nalo. Neno likitamkwa na watu wengi linachakaa upande mmoja na kung'aa upande mwingine, na mimi najua mahali lilipong'aa.

Kilichopotea ni kitu kingine. Barabara ya ziwani sasa ni lami, unashuka kabla chai haijapoa kwenye chupa. Bibi hayupo, mama hayupo, na baba tulimzika mwaka juzi. Dada amestaafu, anaishi kule kule ufukweni. Juzi tulipoongea kwenye simu aliniambia kwamba tangu baba afariki hakuna mtu aliyemwita kwa jina lake la Kimatengo, lile alilopewa siku alipozaliwa. Baba peke yake ndiye aliyekuwa analitumia, na tangu siku ile ya bandeji hakumwita kwa jingine. Wengine wote wanamwita Sista, au Bibi.

Nilivuta pumzi nikalitamka, taratibu, kama baba alivyokuwa akilitamka.

Upande wa pili nilisikia mawimbi. Halafu akakohoa kidogo.

"Acha hiyo," alisema. "Wewe ni mdogo wangu. Niite dada."