Kurasa Zilizofungia Karanga

Nilimaliza karanga ndipo nikaona maandishi. Nilikuwa nimeshuka basi Ipogolo na magongo yangu kwapani, natoka hospitali Mbeya nilikolala miezi mitano. Njaa inaniuma, nikasogea kwa mama mmoja muuza karanga anayenifahamu. Aliponiona akarudi nyuma hatua mbili.

"Kamwene dada! Eh, si walisema umeshakufa?"

"Nani alisema?"

"Watu tu." Akainamia karanga zake.

Nikacheka, nikanunua, nikala. Kisha nikakunjua karatasi aliyonifungia nijifutie vidole. Ni ukurasa wa hadithi: binti amekaa kizingitini ameshika chupa, ndani ya chupa kuna mvua ya kijiji kizima, baba yake amelala, na yeye anawaza afungue au asifungue. Pembeni kwa kalamu ya bluu: Igawa, mvua imenikuta hapahapa.

Nilikaa chini, vumbini. Kitabu kile ni changu. Nilikiacha kwenye sanduku la bati, uvunguni mwa kitanda, na ufunguo nilikuwa nao shingoni.

Mimi nimeishia darasa la nne. Kusoma nilijua, ila sikuwa na cha kusoma zaidi ya makaratasi ya dawa. Nina kibanda cha chakula hapo barabarani, malori yanayokwenda Tunduma yanasimama, madereva wanakula. Mmoja akasahau kitabu mezani, hicho cha mvua. Nilikisoma mwezi mzima, kidole chini ya mstari, maharage yanaungua. Dereva aliporudi nikamwambia sijamaliza.

"Kaa nacho, dada. Ila ukimaliza andika ulipomalizia."

Ndivyo walivyokuwa wakifanya wenyewe. Kitabu kinatoka lori hili kinaingia lile, na kila anayemaliza anaandika ni wapi: Makambako, Chimala, foleni ya mpakani. Wengine wanaandika hapo hapo kwenye ukurasa uliowagusa. Mimi nikaandika: Ipogolo, jikoni. Tangu siku hiyo wakawa wananiletea, wanachukua kingine, wanarudisha. Vile nilivyovipenda nikaomba vibaki. Vikafika thelathini na kimoja. Kuna cha mji ambao marehemu wanarudi siku ya soko kununua chumvi tu. Kuna cha mwanamke aliyeolewa na mlima. Nikivifungulia sanduku ile harufu ya karatasi na dizeli ilikuwa inanitosha kama chakula.

Watu wananiuliza, unarudia kitabu kimoja mara saba kwani kinabadilika? Kinabadilika. Mara ya kwanza nilisoma nijue kama binti atafungua chupa. Mara ya pili najua atafungua, nasoma nikimwombea asifungue. Mara ya nne ndipo nikamwona baba. Hakuwa amelala! Alikuwa amefumba macho tu, anamsikiliza mwanaye. Yameandikwa pale siku zote, maneno matano, na mimi nimeyapita mara tatu kama kipofu. Nilipiga kelele peke yangu, mteja akadhani nimeungua. Aliyeandika kitabu hicho simjui, lakini namheshimu kuliko watu wengi ninaowajua.

Halafu nikaenda Ubaruku kufuata mchele. Wakati wa kurudi lori likapinduka. Nilizinduka Mbeya, nyonga imevunjika, mipira puani, mdomoni halitoki neno. Kilichonishika nisiondoke ni hivyo vitabu. Nilikuwa navisoma kichwani, ukurasa kwa ukurasa, na sauti iliporudi nikamsimulia bibi wa kitanda cha pili. Akawa ananigombeza asubuhi, "Wewe mwana, jana ulisinzia umeniachia mlima umekasirika!"

Kaka yangu mkubwa alikuja mara moja. Hakufika kitandani. Alisimama mlangoni na simu sikioni, nikafumba macho kwa uchovu, nikasikia, "Huyu ndiyo basi. Fungueni tu." Nikadhani ni dawa zinanichezea. Fungueni nini? Sikuelewa mpaka siku ile ya karanga.

Kwetu vitu vya mtu vinagawanywa baada ya msiba. Mimi waligawana nikiwa napumua. Wifi alichukua sufuria na vitenge, shangazi akachukua sweta. Kufuli la sanduku walivunja kwa nyundo, wakidhani kuna mali. Walipokuta ni vitabu, wakavikabidhi kwa wauza karanga. Sufuria zimerudi, sweta limerudi, shangazi amelia na nimemsamehe. Kwa wauza karanga nimeokota kurasa arobaini na mbili, nyingine zina mafuta hazisomeki. Ule wa maneno matano sijaupata.

Tulipokaa kikao cha ukoo, kaka alijibu amekaa vizuri kwenye kiti: "Mimi sikuwepo, ni wanawake walifungua. Na kelele zote hizi za nini? Si hadithi za uongo tu hizo? Ingekuwa Biblia, sawa."

Uongo. Waandishi wale hawakuniambia hata siku moja kwamba uongo wao ni kweli. Wewe uliwaambia watu dada yako amekufa.

Kwa hiyo naandika, maana kwenye kikao walininyamazisha ili waanze kula. Jina silitaji, lakini ni wewe, mtoto wa mama yangu, mwenye nyumba ya bati la bluu karibu na daraja. Sidai sanduku jipya. Kaa tena mbele ya ukoo useme siku ile mlangoni ulikuwa unaongea na nani, na ulisema wafungue nini. Usiseme hukusema. Mimi sikuwa nimelala, kaka. Nilikuwa nimefumba macho tu. Jibu.