Altaneta ya Askofu

Mwaka 2012 nilikuwa fundi wa magari Lodwar, na sifa zangu nilizieneza mwenyewe. Mchungaji mmoja wa Kakuma aliponipigia simu kwamba dinamo ya kuchajia betri ya trekta lao la zamani la kubebea maji imekufa, nilimwambia dinamo zimepitwa na wakati. Nitamfungia altaneta ndogo ya gari, ifanye kazi hiyo hiyo.

"Iko pikapu mbovu nyuma ya kanisa," akasema. "Toa hapo."

Nilifika akiwa mkutanoni. Nyuma ya kanisa nikakuta pikapu imejaa vumbi hadi kwenye vioo. Niliihurumia, nikaing'oa altaneta. Nikatengeneza kishikio cha chuma, nikageuza nyaya za betri ziendane na altaneta, nikawasha. Taa zikawaka. Akina mama waliongoja kuletewa maji wakapiga vigelegele, nami nikawapungia mkono kama mgombea ubunge.

Mkutano ulipoisha, mchungaji akanitambulisha kwa askofu mgeni.

"Ejok, fundi," askofu akanisalimu kwa Kiturkana, kisha akaniombea mikono yangu ibarikiwe. Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Dereva wake akaenda kuangalia maji ya gari kabla ya safari. Akafungua boneti, akainama.

"Mchungaji," akauliza, "altaneta yetu imeenda wapi?"

Mchungaji akanigeukia polepole. "Fundi, mimi nilimaanisha kanisa lile la zamani."

Trekta lilikuwa likinguruma mbele yetu, taa zote zinawaka mchana kweupe.