Soksi Mbili za Mzee

Wiki jana nilipanga foleni katika ofisi moja mjini Embu, siku ya mwisho ya kugawa vibanda vya maonyesho ya kilimo. Mbele yangu alisimama mama wa kutoka Mbeere anayeuza soksi alizotia rangi ya kahawia kwa magome ya mgunga yaliyochemshwa. Afisa alisoma fomu yake, akagonga kalamu mezani.

"Mama, umeandika rangi hii inazuia bakteria. Nani alipima? Uko na cheti?"

"Cheti sina. Niko na soksi."

Akafungua gazeti lililofunga soksi mbili, moja nyeupe isiyotiwa rangi, moja ya kahawia. Niliomba usiwe ukurasa huu ninaoandikia.

"Mzee wangu amelima nazo siku tano ndani ya gambuti za mpira, moja kila mguu. Hebu nusa."

Afisa alinusa ya kahawia, akaiweka mezani bila kukunja uso. Alipofikia nyeupe, alirudisha kichwa nyuma mpaka kiti kikatoa mlio.

"Labda huo mguu ndio mbaya," akasema.

"Hata mimi nilidhani hivyo. Nikazifua, wiki iliyofuata nikabadilisha miguu. Nyeupe ikanuka tena."

Mbinu hiyo mimi nilifundishwa chuo kikuu muhula mzima, na mhadhiri mwenye majigambo mengi.

Afisa akafuta "inazuia bakteria", maana pua si maabara, akaandika "inapunguza harufu". Kisha akapiga muhuri na kumpa kibanda.

"Ni sawa tu," mama akasema, akifunga soksi zake. "Mwenye gambuti ataelewa."