Mlango wa Choo na Wimbi la Nzoia

Nikiri mapema: mlango wa choo niliung'oa mimi. Bawaba mbili, bisibisi ya kuazima, basi.

Shida ilianzia mjini Bungoma, kwenye televisheni ya duka la Mhindi, nilipoona vijana wa ng'ambo wakiteleza juu ya mawimbi wamesimama wima kwenye ubao. Sisi bahari hatuna. Lakini mtoni Nzoia, chini ya kwetu, kuna mwamba, na mvua ikipiga Kitale, maji hufika hapo yamefura, yakainua wimbi la kufika mtu kifuani. Halafu, dakika chache tu, linakufa. Likizo yote nilitaka kitu kimoja tu: kusimama juu yake, hata kwa muda wa chafya moja. Na sasa ilikuwa siku ya mwisho; kesho yake nilikuwa narudi bwenini.

Binamu yangu wa Kitale ndiye alikuwa mtabiri wangu. Mvua ikinyesha, apige simu ya mama, akate, maana kredo ya simu ni dhahabu. Huyo mtu bana! Umande ukianguka, anapiga. Mafuriko yakishuka, amelala. Nimeshabeba beseni, nimeshabeba meza ya kupigia pasi, na kila mara mto umetulia kama chai iliyosahaulika.

Asubuhi hiyo alipiga mara tatu. Nikaamini. Ndio nikauendea mlango.

Nilikaa nao ukingoni mpaka alasiri. Wamama waliokuwa wakifua walifurahi sana.

"We kijana, unahamisha choo?"

"Nangoja wimbi."

"Ati wimbi? Si ungebeba na karatasi!"

Maji hayakupanda hata kidole. Nikajitwika mlango, nikarudi nikimtukana binamu kwa lugha zote ninazojua na moja nisiyoijua.

Nyumbani, kina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni, birika la chai limeisha, na mke wa mchungaji amesimama mbele ya choo kisicho na mlango, mkoba ameushika kwa mikono miwili. Mama hakupiga kelele. Alinionyesha kwa kidole: niusimamishe mlango mahali pake, niushikilie kwa nje, uso niuelekeze kwenye migomba. Mgeni akaingia.

Ndipo nikasikia. Kule bondeni, mngurumo, kisha mayowe ya wamama wakiokoa nguo zao.

"Mama! Wimbi imefika! Dakika moja tu, nakuomba!"

Mama alinisogelea, akasema polepole:

"Huo mto uko hapo tangu Nuhu, baba. Mke wa mchungaji ndio ameanza, na wenzake wamepanga laini. Shika mlango, na uangalie migomba."