Kidole cha Babu

Mwanangu Asani, juzi nilikukuta nyuma ya duka na tumbaku shavuni. Nilipokukemea ulicheka, ukaninyooshea kidole gumba: "Baba mukubwa, si niko na kidole ya babu?" Niliingia ndani kwa aibu, na leo nakuambia kwa nini.

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Siku moja ya vita ninayoikumbuka kuliko zote, mimi na mdogo wangu Saidi, baba yako, tulipanga foleni tupate karatasi ya kupitia njia ya Kailo, tukatafute mchele. Treni ilikuwa haiji tena, chumvi hakuna, na njaa, we acha tu! Askari alitukandamiza vidole kwenye wino. Nikaona alama zetu ni moja, duara ndani ya duara, kama ile iliyokuwa kwenye kitambulisho cha babu yako, baba yetu. Na babu alitafuna tumbaku hadi uzeeni, meno yake yote kinywani. Basi mimi, mjuaji wa kila kitu, nikamega tumbaku yangu nikampa Saidi asahau njaa.

"Yaya, inaniunguza," akaniambia mimi kaka yake.

"Tafuna tu. Sisi wa kidole hii, tumbaku haituwezi."

Vita iliisha, yeye hakuacha. Unajua mwenyewe kidonda kilivyomla shavu, hata uji ukawa unapita kwa taabu. Usilolijua ni la hospitalini. Daktari kijana alimchukua alama za vidole, akasema wataalamu wanachunguza kama mistari hiyo, tunayozaliwa nayo, yaweza kuonyesha ni nani ambaye damu ya ukoo wake inashindwa upesi na tumbaku. Saidi akajikaza: "Dokta, kidole yetu njo ya nguvu, tumbaku haituwezi."

"Hakuna kidole inayokinga mutu, baba. Nani alikudanganya?"

Saidi alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Wazee wa zamani," akasema.

Alinisitiri, mwanangu, nami nikamwacha anisitiri. Hata siku ya kumzika nilipokea pole za watu nikanyamaza. Nilitafuna kama yeye, na mdomo wangu mzima hadi leo. Kila nikila wali naona haya.

Basi nisikilize. Undugu haugawi afya sawasawa, na hujui wewe umepewa fungu gani. Iteme hiyo tumbaku. Kesho twende wote wakuangalie mdomo, na yule daktari nitamwambia mwenyewe ni nani aliyedanganya. Mungu akuachie kinywa kizima hadi uzeeni, na siku ukiweza kunisamehe, unisamehe.